Macho yanatiririka machozi, kisha naambiwa ni makavu: nianzie wapi?

Mhariri_Kimya ameuliza:

Salaam, wanajukwaa.

Kazi yangu ni kusoma na kusahihisha miswada kwenye kompyuta, na kwa miezi kadhaa sasa macho yamekuwa yakinisumbua kwa namna ambayo sikuizoea. Asubuhi huwa nafuu, lakini kadiri saa zinavyosonga huanza kuchonyota, kisha nahisi kana kwamba kuna chembe za mchanga chini ya kope, na ifikapo jioni maandishi hufunikwa na ukungu ambao hutoweka nikipepesa macho mara mbili tatu, kisha ukarudi baada ya muda mfupi. Nikitoka nje penye upepo, machozi hunitiririka mpaka watu huniuliza kama nimefiwa.

Nilikwenda kupimwa nikidhani kwamba ninahitaji miwani mpya. Nikaambiwa kuwa miwani niliyo nayo inanifaa, na kwamba kinachonisumbua ni ukavu wa macho. Nilipewa machozi bandia na kuelekezwa kuweka tone moja katika kila jicho mara nne kwa siku, lakini sikupata nafasi ya kuuliza zaidi kwa sababu wagonjwa waliokuwa wakisubiri nyuma yangu walikuwa wengi.

Matone hayo yananisaidia, ila nafuu yake haidumu. Naomba kueleweshwa mambo matatu. Jicho linalomwaga machozi kiasi hicho linawezaje kuitwa kavu? Je, kuna jambo la kufanya mbali na kuongeza idadi ya matone? Na hayo matone ya kuondoa wekundu yanayouzwa bila cheti cha daktari, ambayo rafiki yangu anayasifia sana, ni bora kuliko haya yangu? Nitashukuru kwa majibu ya wanaolifahamu jambo hili kitaalamu, na hata ya wale wanaoishi nalo.

Mpimaji_wa_Macho amejibu:

Ndugu Mhariri, swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Machozi si maji matupu. Utando mwembamba unaolifunika jicho wakati wote una ute, maji na mafuta, na kila kimoja kina chanzo chake. Ute hutolewa na seli zilizomo katika ngozi laini inayofunika weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope, na kazi yake ni kuyafanya maji yatandae na kushika juu ya jicho. Maji, pamoja na chumvi na protini za kupambana na vijidudu, hutoka hasa kwenye tezi ya machozi iliyo juu ya jicho upande wa nje. Mafuta hutoka kwenye tezi ndogo zilizojipanga ndani ya kope, ambazo matundu yake yako ukingoni, nyuma kidogo ya mstari wa nywele za kope. Hizi huitwa tezi za Meibom, kwa jina la tabibu Mjerumani Heinrich Meibom aliyezieleza mwaka 1666. Kope ya juu huwa na tezi kati ya 25 na 40, na ya chini kati ya 20 na 30. Mafuta hayo hutandaa juu ya maji kila unapopepesa, na ndiyo yanayoyazuia maji yasikauke upesi.

Ukavu basi huja kwa njia mbili, ingawa mara nyingi zote hukutana kwa mtu mmoja. Kuna wanaotoa maji machache, na kuna wale ambao maji yao yanatosha lakini hukauka kabla hawajapepesa tena, kwa kuwa mafuta ni haba au yameganda ndani ya tezi. Hawa wa pili ndio wengi zaidi. Katika hali zote mbili, machozi yanayobaki huwa na chumvi iliyokolea, uso wa jicho hukereka na kuvimba, na konea, yaani ngozi angavu ya mbele ya jicho, ambayo ni miongoni mwa sehemu za mwili zenye mishipa mingi zaidi ya fahamu, hupeleka taarifa kwenye ubongo. Ubongo nao huiamuru tezi kubwa kumwaga maji. Hayo ndiyo machozi yanayokutiririka penye upepo: ni maji ya dharura, ni mengi kuliko kope zinavyoweza kuyahifadhi, na kwa kuwa yamekosa mafuta ya kutosha, hupita bila kukaa. Kwa hiyo aliyekuambia kwamba macho yako ni makavu hakukosea.

Vipimo huionyesha tofauti hii vizuri. Mpimaji huweka rangi ya fluoresini, akakuomba usipepese, kisha akahesabu sekunde mpaka utando uanze kupasuka. Zikiwa chini ya 10, utando huhesabiwa kuwa dhaifu. Kipimo kingine ni kile cha karatasi alichokieleza Otto Schirmer mwaka 1903, ambapo ukanda mwembamba wa karatasi huning'inizwa kwenye kope ya chini kwa dakika 5 na kupimwa umelowa milimita ngapi. Ikiwa ni chini ya 5, upungufu wa maji ni mkubwa. Nimeona watu wengi waliolowesha karatasi vizuri kabisa ilhali utando wao ulipasuka mara tu walipoacha kupepesa, na kwa mtu wa aina hiyo kuongeza maji peke yake ni kazi isiyokwisha. Kuna pia kuminya ukingo wa kope kwa upole: kwenye kope yenye afya hutoka mafuta maangavu kama maji, na kwenye kope iliyoziba hutoka kitu kizito kama dawa ya meno, au hakitoki chochote. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya gharama, na bado husahaulika mno.

Siwezi kukupima kwa maandishi, lakini ukungu unaoondoka kwa kupepesa na hali inayozidi kadiri siku inavyoendelea vinaelekea upande wa machozi yanayokauka haraka. Urudipo kwa daktari, uliza waziwazi: ukavu wangu ni wa maji machache, wa mafuta, au wa vyote viwili? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua matibabu.

Kuhusu matone ya kuondoa wekundu, ushauri wangu ni kuyaacha. Hubana mishipa ya damu ili jicho lionekane jeupe kwa saa chache, hayatibu ukavu, na yakitumika mara kwa mara wekundu hurudi ukiwa mkali kuliko wa awali. Hatari zaidi ni matone yenye dawa kali za kutuliza uvimbe, za jamii ya steroidi, ambayo watu huazimana. Hizo zina nafasi yake katika ukavu mkali, kwa muda mfupi na chini ya uangalizi, lakini mtu akizitumia kiholela zinaweza kupandisha shinikizo la ndani ya jicho, kuleta mtoto wa jicho, na kuuacha ugonjwa wa virusi vya hepesi uenee kwenye konea.

Mwalimu_Mstaafu amejibu:

Mwanangu Mhariri, pole sana. Mimi si mtaalamu, ila nimeishi na macho makavu kwa miaka mingi, na ninataka kuongeza jambo ambalo kwangu lilichelewa kuulizwa.

Nilipokuwa ninatibiwa macho peke yake, nilikuwa pia nina kinywa kikavu kiasi cha kuamka usiku kunywa maji, meno yaliyoanza kuoza bila sababu niliyoijua, na maumivu ya viungo vya vidole niliyoyahesabu kuwa ni ya uzee. Sikuyataja kwa daktari wa macho kwa kuwa niliona hayamhusu. Ni daktari mwingine aliyeniuliza juu ya kinywa, akaagiza vipimo vya damu, na ndipo ugonjwa wa Sjögren ulipojulikana. Katika ugonjwa huo kinga ya mwili huzishambulia tezi za machozi na za mate. Umepewa jina la Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Uswidi aliyewaeleza wagonjwa wa namna hii katika tasnifu yake ya mwaka 1933, na sisi wanawake ndio tunaoupata kwa wingi, hasa tukiwa na umri wa makamo. Sisemi kwamba wewe unao. Ninasema tu kwamba usiyaache nyumbani maradhi yako mengine unapokwenda kwenye kliniki ya macho.

Beba pia orodha ya dawa unazomeza. Dawa za mzio, hasa zile za zamani zinazoleta usingizi, baadhi ya dawa za sonona, dawa za kuongeza mkojo, na vidonge vya isotretinoini vinavyotumiwa kwa chunusi kali, vyote vinaweza kuongeza ukavu. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako mwenyewe. Aliyeiandika ndiye mwenye kuibadilisha.

Kwa upande wangu, kilichonisaidia zaidi ni vizibo vidogo mno vilivyowekwa kwenye matundu ya kupitishia machozi, yale yaliyo kwenye kona ya ndani ya kope, ili machozi machache niliyo nayo yasiteremke puani. Havikuuma, na mwanzoni nilisahau kabisa kwamba vipo.

Fundi_Programu amejibu:

Nakubaliana na waliotangulia, nami nitasema juu ya kompyuta, kwa kuwa hapo ndipo maisha yangu yote yalipo.

Mtu aliyetulia hupepesa takriban mara 15 hadi 20 kwa dakika. Akikazia macho kioo cha kompyuta, idadi hiyo inaweza kushuka hadi nusu au chini zaidi. Tena huwa anapepesa nusunusu: kope ya juu inashuka kidogo na kurudi bila kuigusa ya chini, hivyo mafuta hayasukumwi kutoka kwenye tezi na sehemu ya chini ya jicho hubaki wazi muda wote. Kabla ya kusoma habari hii sikuwahi kujitazama nikipepesa, na naamini wengi hapa hawajawahi pia. Jizoeze kufumba macho kikamilifu, ukatulia kwa nukta moja, kisha ukafumbua. Fanya hivyo kila unapomaliza ukurasa.

Kioo kiwe chini ya usawa wa macho. Unapotazama juu au mbele moja kwa moja, unakodoa, na eneo linalopigwa na hewa huwa kubwa. Unapotazama chini kidogo, kope hushuka na kulifunika jicho. Feni na kiyoyozi visielekezwe usoni. Moshi wa sigara, uwe wako au wa mwenzako, ni adui wa utando wa machozi. Wengi hufuata pia kanuni ya kuangalia kitu kilicho mbali, kama mita 6, kwa sekunde 20 kila baada ya dakika 20. Nafuu yake kubwa ni kwa uchovu wa kukaza macho, lakini ukiitumia kama kengele ya kukukumbusha kupepesa, utapata faida mbili.

Mwisho, nakushauri ununue vidonge vya mafuta ya samaki. Kila mtu ninayefanya naye kazi anavitumia.

Mpimaji_wa_Macho amejibu:

Ndugu Fundi, yote uliyoyasema kuhusu kioo na kupepesa ni sahihi, na mtu asiyeyafuata atapoteza dawa bure. Ni juu ya vidonge tu ndipo ninapotofautiana nawe. Mwaka 2018 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti wa Marekani uliowahusisha wagonjwa 535 wa ukavu wa macho, ambapo kundi moja lilipewa gramu 3 za omega-3, yaani aina ya mafuta yaliyomo kwenye samaki, kila siku kwa mwaka mzima na kundi jingine vidonge vya mafuta ya zeituni. Makundi yote mawili yalipata nafuu, lakini hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Matokeo hayo yanatufundisha jinsi ilivyo rahisi kuisifia dawa kwa nafuu ambayo ingekuja bila yake. Wapo madaktari ambao bado huvipendekeza kwa baadhi ya wagonjwa, na sitamkataza anayevitumia kwa idhini ya daktari wake. Ila Ndugu Mhariri asivitangulize mbele ya mambo yaliyo na uzito zaidi.

Niongeze tahadhari kwa yeyote atakayesoma hapa. Maumivu makali ya jicho, kushindwa kuvumilia mwanga, kupungua kwa uwezo wa kuona usiorudi ukipepesa, usaha, au jicho moja tu kuwa jekundu na kuuma si mambo ya kusubiri wala ya kutibiwa kwa machozi bandia. Anayevaa lenzi za kuweka juu ya jicho na akapata maumivu azitoe na aende kuonwa siku hiyohiyo. Mtoto mwenye macho makavu ambaye haoni vizuri gizani naye asisubirishwe, kwa maana huenda ana upungufu wa vitamini A, na upungufu huo unaweza kuiharibu konea kwa muda mfupi.

Mhariri_Kimya amejibu:

Nawashukuru nyote. Nimejitazama nikifanya kazi, na kweli ninapepesa nusunusu kama Ndugu Fundi alivyosema.

Nilirudi kliniki nikauliza swali nililofundishwa hapa. Kope zikaminywa, na mafuta yakatoka kwa shida, tena mazito. Vizibo havikupendekezwa kwa sasa, kwani daktari alisema kwamba uvimbe wa kope utulizwe kwanza. Nimeagizwa kukanda kope kwa joto na kuzisafisha. Nimejaribu kutumia kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, lakini kinapoa kabla sijahisi chochote, na sijui nikande kwa muda gani. Pia nimeona kwamba chupa yangu ya matone ina kihifadhi kiitwacho benzalkoniamu kloraidi. Je, nikitaka kuweka matone mara nane kwa siku, kuna ubaya?

Mpimaji_wa_Macho amejibu:

Hongera kwa kuuliza. Nianze na kukanda.

Mafuta yaliyoganda yanahitaji joto la takriban nyuzi 40 kwenye kope yenyewe, kwa dakika 5 hadi 10 mfululizo. Kitambaa hupoa baada ya dakika moja au mbili, ndiyo maana watu wengi hufanya zoezi hili kila siku na kusema halisaidii. Andaa vitambaa viwili na chombo cha maji ya moto unayoweza kuyavumilia kwa upande wa ndani wa mkono. Kimoja kikiwa machoni, kingine kiwe kwenye maji, ukibadilishana. Zipo pia barakoa za kupashwa moto zilizotengenezwa kwa kazi hii, na huhifadhi joto vizuri zaidi. Mara tu baada ya kukanda, kabla kope hazijapoa, fumba macho na usukume taratibu kwa ncha ya kidole safi, kope ya juu kuelekea chini na ya chini kuelekea juu, kufuata mwelekeo wa tezi. Usiikandamize mboni, na usisugue. Kisha safisha ukingo wa kope, pale zinapoota nywele, kwa kitambaa laini au pamba yenye maji safi au dawa maalumu ya kusafishia kope, ili kuondoa magamba na tongotongo zilizokauka. Fanya mara mbili kwa siku katika wiki za mwanzo. Baadaye mara moja inaweza kutosha. Usitarajie mabadiliko ndani ya siku chache, kwa sababu tezi zilizoziba kwa muda mrefu hufunguka polepole, na nyingine hazirudi tena. Ukiona vijipu vya chokea vinajirudia, au wekundu wa mashavu na pua unaoambatana na macho kuwasha, mweleze daktari, kwa kuwa ugonjwa wa ngozi uitwao rozasea hugusa tezi hizihizi.

Kuhusu matone, swali lako ni la maana kuliko unavyodhani. Kihifadhi hicho huzuia vijidudu visikue ndani ya chupa, lakini kikitumiwa mara nyingi huziumiza seli za uso wa jicho na kuudhoofisha utando uleule tunaojaribu kuusaidia. Kwa anayeweka zaidi ya mara nne kwa siku, ushauri wa kawaida ni kutumia matone yasiyo na kihifadhi, ambayo huja katika vichupa vya matumizi ya mara moja au chupa zenye vali ya kuzuia hewa isirudi ndani. Kichupa cha matumizi ya mara moja kikishafunguliwa kisiwekwe kwa ajili ya kesho, na ncha ya chupa yoyote isiguse jicho wala kidole. Hili si jambo la kulipuuza: mwaka 2023 nchini Marekani machozi bandia yaliyochafuliwa na bakteria aina ya Pseudomonas aeruginosa yaliwaambukiza watu katika majimbo kadhaa, wengine wakapoteza uwezo wa kuona, na vifo vikatokea. Nunua matone yaliyofungwa vizuri na yaliyosajiliwa, na tarehe ya mwisho ya matumizi uisome kabla ya kulipa.

Kwa kuwa tatizo lako ni la mafuta, muulize daktari pia kuhusu matone yenye chembechembe za mafuta, kwani si machozi bandia yote yaliyo sawa. Na kama kuna dawa nyingine ya matone unayotumia, acha zipite dakika 5 hadi 10 kati ya moja na nyingine, la sivyo ya pili itaifukuza ya kwanza.

Mwalimu_Mstaafu amejibu:

Nami niongeze dogo, mwanangu. Ukiandikiwa marhamu ya kupaka usiku, ipake ukiwa umeshapanda kitandani na kazi zote zimekwisha, kwa sababu hutaona vizuri mpaka asubuhi. Na mwombe mtu aliye karibu nawe akuangalie ukiwa usingizini kama kope zako hufungana kabisa. Wapo wanaolala jicho likiwa wazi kidogo bila kujua, nao huamka macho yakiwa yanauma kuliko walivyolala. Wewe umesema kwamba asubuhi huwa nafuu, hivyo sidhani kama ndivyo ulivyo, ila kuangaliwa hakugharimu kitu.